FamilySearch kwa majina ya Kijerumani yaliyogeuzwa: rejista zake tamu, mti wake nusunusu

Kuanzia Mtwapa hadi Diani hukosi nyumba yenye babu au mkwe Mjerumani, na ukifuatilia ukoo wake huenda ukakuta tawi lililohamia Marekani, jina likageuka hukohuko. Kwa kazi hiyo tunashauri kuanzia FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za ukoo, kwa kuwa ni bure: unafungua akaunti, basi. Kinacholiwa ni bando, hasa ukianza kufungua picha za rejista za kanisa, kwa hiyo tafuta Wi-Fi.

Jina lililogeuka kwa sauti halisumbui sana. Karani wa Kiingereza aliandika alichosikia: Müller akawa Miller, Schneider akawa Snyder, na Huber akawa Hoover (mhenga wa Rais Herbert Hoover aliitwa Andreas Huber). Usiweke tiki kwenye kisanduku cha kutaka jina lilelile kamili. Nyota inashika nafasi ya herufi zozote, alama ya kuuliza herufi moja. Andika S*n*der, utawapata Schneider, Snider na Snyder kwa pamoja. Sn*der itamwacha Schneider nje.

Herufi ya kwanza ndiyo inayoponza. Faharasa za sensa za Marekani za 1900 na 1920 zilipangwa kwa Soundex: herufi ya kwanza ya jina, kisha tarakimu tatu za sauti zinazofuata. Schmidt na Smith wote ni S530, salama. Lakini Koch ni K200 na Cook C200. Jung ni J520, Young Y520. Pfeiffer P160, Fifer F160. Ni kama Khamis na Hamisi: kwetu jina moja, kwa Soundex K520 na H520. Basi kila jina litafute mara mbili, kwa kila herufi ya mwanzo inayowezekana.

Jina likitafsiriwa, Zimmermann kuwa Carpenter au Schwarz kuwa Black, sauti haisaidii kitu. Acha nafasi ya jina la ukoo wazi, ujaze jina la kwanza, mwaka na mahali pa kuzaliwa, na jina la mke. Angalizo: Johann Georg aliyebatizwa Ujerumani mara nyingi ndiye George wa Marekani; Johann lilikuwa la kanisani tu. Na Müllerin si ukoo mwingine, ni Müller wa kike.

Faharasa nazo hukosewa, kwa sababu katika mwandiko wa zamani wa Kijerumani e hufanana na n. Fungua picha usome mwenyewe.

Mti wa pamoja, yaani mti wa ukoo ambao watumiaji wote wa tovuti wanaujenga, ndio unaotukera. Yeyote anaweza kuuhariri, na umejaa maelezo kwamba jina "lilibadilishwa Ellis Island", kituo cha kupokea wahamiaji New York. Si kweli: maofisa wa pale walitumia orodha ya meli iliyoandikwa bandarini Ulaya. Orodha za Hamburg zipo, 1850 hadi 1934, na wanaume Wajerumani watu wazima waliofika Philadelphia kuanzia 1727 walitia sahihi viapo vya utii, wasiojua kuandika wakaweka alama. Ukiingiza mtu kwenye mti, jina la kuzaliwa liwe la kwanza, la Kiingereza liwekwe kama jina jingine.

Picha nyingine zina alama ya ufunguo: hazifunguki nyumbani, mpaka kwenye kituo chao au maktaba shirika. Tazama ramani ya vituo kwenye tovuti kabla ya kufunga safari.