Sindano nyekundu ya Audio-Technica: inarudisha sauti za juu, lakini kagua waya kwanza

Katriji ya gramafoni yangu, yaani kile kichwa kidogo kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme, ni AT-VM95E ya Audio-Technica, ile yenye sindano ya kijani. Imenitumikia vizuri kwa muda mrefu, hadi matoazi yakaanza kusikika kama yanapigwa nyuma ya pazia zito. Besi ipo, mwimbaji yupo, ila ile pumzi anayovuta kabla ya neno haipo, na mchakacho wa brashi kwenye ngoma umegeuka ukungu. Hapo ndipo nikanunua sindano nyekundu, AT-VMN95ML, inayoingia kwenye bodi ileile, yaani mwili uleule wa katriji. Ni kifaa kizuri sana, hilo nalisema mapema. Ila sauti iliyofifia ina vyanzo vingi, na sindano hii inatibu kimoja tu.

Kabla ya kutoa pesa, geuza gramafoni uangalie nyuma. Nyingi za siku hizi zina priampu ya ndani, yaani kikuzaji kidogo cha sauti kabla ya amplifaya, na swichi ndogo iliyoandikwa PHONO na LINE. Santuri hukatwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti za juu zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni ya RIAA, chama cha kampuni za muziki za Marekani, ya miaka ya 1950; kazi ya priampu ni kuyarudisha mambo yalivyokuwa. Swichi ikiwa kwenye LINE, priampu ya ndani inafanya kazi; waya ukachomekwa kwenye tundu la phono la amplifaya, lenye priampu yake, marekebisho yanafanyika mara mbili. Sauti za juu zinazikwa, besi inavimba, na mara nyingi muziki unakwaruza kwa kuzidiwa. Priampu isipokuwepo kabisa, sauti inakuwa ndogo na nyembamba, kwa hiyo masikio yenyewe yanatosha kutofautisha. Kwangu swichi ilikuwa sawa.

Waya ndio haukuwa sawa. Watu wengi hawaangalii hapa, na mimi ndipo ninapopapenda. Katriji za VM95 zinataka mzigo (ukinzani) wa kilo-omu 47 na kapasitansi, yaani uwezo wa kushika chaji ya umeme, ya pikofaradi 100 hadi 200, na hiyo ni jumla ya waya pamoja na tundu la amplifaya. Amplifaya yangu peke yake ina 220. Ongeza waya mrefu wenye ngao nene, unakaribia 400 bila kutoka jasho. Koili ya katriji ina indaktansi (tabia ya koili kupinga mabadiliko ya mkondo) ya milihenri 550, na ikikutana na kapasitansi hiyo vinatengeneza mlio wao wenyewe: kwenye pikofaradi 200 unatua karibu na kilohezi 15, kwenye 400 unashuka hadi 10.7 hivi. Hapo sauti inatutumka kidogo, kisha kila kilicho juu yake kinaporomoka. Nilipoweka waya mfupi wa kapasitansi ndogo, sindano ya kijani ikiwa bado mahali pake, sehemu ya uhai ilirudi siku hiyohiyo. Sindano mpya haina haki ya kudai sifa hiyo.

Uchafu wa sindano, tufanye haraka: brashi laini, kutoka nyuma kwenda mbele, basi. Kikibaki kitu chochote kama uzi kwenye ncha, hata katriji ya kifalme itasikika imefunikwa.

Baada ya hayo yote sauti za juu zilikuwa bado zimelegea, hasa mwisho wa kila upande wa santuri. Kampuni yenyewe inaipa ncha ya duaradufu kama ile ya kijani saa 300 hivi za kupiga, na ya ML, yaani nyekundu, saa 1000. Yangu ilikuwa imeshapita zake zamani.

Kubadilisha ni kazi ya sekunde. Unashika plastiki kwa pande zote mbili, unaichomoa, unasukuma nyekundu hadi ikae. Katriji haisogei, skrubu haziguswi. Niliweka uzito wa gramu 2 kwa mizani ndogo. Kampuni inaruhusu 1.8 hadi 2.2.

Sasa, ile tofauti. Kwenye mizunguko 33⅓ kwa dakika mfereji wa nje unapita chini ya sindano kwa sentimita 51 hivi kwa sekunde, ila karibu na lebo ni 21 tu. Maana yake wimbi la kilohezi 10 pale ndani lina urefu wa mikroni 21, limebanana kweli. Ukingo wa ncha ya kijani una nusukipenyo cha karibu mikroni 8. Wa nyekundu ni 3, hivyo unaingia kwenye mikunjo hiyo midogo. Ndiyo maana wimbo wa mwisho wa upande, ambao zamani nilikuwa nauvumilia tu, sasa una herufi "s" zilizo safi na matoazi yanayofifia polepole badala ya kukatika. Wimbo wa kwanza umebadilika kidogo mno. Anayekuambia kila kitu kimekuwa kipya anakuuzia.

Kasoro zipo. Sauti kwa ujumla inashuka kama desibeli moja, kwa kuwa ML inatoa milivolti 3.5 na ile ya kijani 4, hivyo usilinganishe bila kurekebisha kitufe cha sauti. Ncha nyembamba hivi haisamehi katriji iliyokaa upande. Mimi nilirudia kuipanga kwa karatasi ya kipimo ndipo spika ya kushoto ikaacha kukwaruza. Na bei yake ni kubwa kuliko ya kijani kwa mbali, kiasi kwamba mwenye sindano ya kijani yenye saa chache na waya mzuri sioni aharakie nini.

Santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika usiziwekee kabisa. Mfereji wake ni mpana mno kwa ncha hii; kwa hizo ipo AT-VMN95SP, nayo inaingia bodi hiyohiyo.