Garibaldi au Cavour: nani aliiunganisha Italia?

Camillo Cavour, waziri mkuu wa Piemonte, ufalme wa kaskazini mwa Italia, alipigania Italia kwa mazungumzo. Mwaka 1858 alipatana na Napoleon III, mfalme mkuu wa Ufaransa, na mwaka uliofuata majeshi yao yakawatimua Waaustria kutoka Lombardia, jimbo la kaskazini. Malipo yalikuwa machungu: Ufaransa ikapewa Nice, mji alikozaliwa Giuseppe Garibaldi. Jenerali huyo hakumsamehe Cavour.

Garibaldi alitegemea bunduki na watu wa kujitolea. Mei 1860 alishuka Marsala, Sicilia, na wapiganaji wapatao 1,000, silaha zao nyingi zikiwa kuukuu. Septemba akaingia Napoli, mji mkuu wa ufalme wa kusini. Angeweza kujitangaza mtawala, wallahi! Badala yake alimkabidhi Vittorio Emanuele II, mfalme wa Piemonte, kusini yote, akarudi kulima Caprera, kisiwa alikoishi. Kwangu mimi, hapo anamzidi Cavour.