Siku ya Mandela au Siku ya Urafiki: uadhimishe ipi Julai?

Zote mbili zina baraka za Umoja wa Mataifa, na zote mbili hupita bila watu wengi kujua. Siku ya Mandela ni tarehe 18, siku aliyozaliwa mwaka 1918. Ya Urafiki ni tarehe 30.

Kwa gharama, Urafiki inashinda: simu moja kwa mtu mliyepotezana inatosha. Mandela inadai jasho. Desturi yake ni kutoa dakika 67 kuhudumia wengine, dakika moja kwa kila mwaka aliotumikia umma tangu 1942. Napenda hesabu hiyo, maana inakupa kazi yenye mwanzo na mwisho. Huwezi kujisingizia kwamba umeadhimisha kwa kubandika picha tu.

Kwa uhakika wa tarehe, Mandela haina mpinzani. Urafiki ina vurugu: wazo lilianzia Paraguay mwaka 1958, Umoja wa Mataifa ukaitambua 2011, lakini Argentina na Brazili husherehekea tarehe 20 Julai, na India hungoja Jumapili ya kwanza ya Agosti. Ukiwa na marafiki nchi mbalimbali, jiandae kupongezwa mara tatu.

Kuidumisha mwaka hadi mwaka? Kikundi, shule au ofisi itaiweza Mandela, kwani kazi hugawanywa. Aliye peke yake, au mwenye ratiba iliyobana, ataiendeleza Urafiki kwa wepesi zaidi. Na kati ya siku hizo mbili kuna tofauti ya siku 12, kwa hiyo mwenye nafasi anaweza kuzichukua zote.