Valvu mpya ya PCV kwenye IST yangu, ya kwanza ilikuwa kimeo

Nina Toyota IST ya 2004, injini ya 1NZ, na kwa miezi kadhaa ilikuwa inakula oili vibaya, nikienda Moro na kurudi Dar stiki inaonyesha imeshuka na chini ya gari hamna hata tone. Fundi akanambia kabla hatujaanza kuongelea ringi za pistoni tubadilishe kwanza valvu ya PCV, ile kadude kanakofungwa kwenye tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), kanapitisha gesi zinazopenya pembeni ya pistoni zirudi kwenye manifodi (njia ya hewa inayoingia kwenye injini) zikaungue. Nikaenda Kariakoo nikachukua ya 15,000, mpya kabisa kwenye boksi. Fundi akaitikisa, ikalia tiki tiki, akasema hii nzima, tukafunga.

Aisee, ndo kwanza sailensi (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) ikawa haitulii, RPM inapanda inashuka, na oili inapungua vile vile! Wiki nzima sina raha na gari.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi wa Ilala. Aliifungua, akaifuta, akaivisha kipande cha mpira wa bomba safi akanambia haya mwanangu puliza. Ukipuliza kutokea upande wa injini hewa inatakiwa ipite kirahisi, ukigeuza ukapuliza upande unaoenda manifodi inatakiwa ikubanie, ipite kwa tabu. Yangu ilikuwa inapita tu pande zote mbili kama bomba la maji. Nikamuuliza mzee mbona ikitikiswa inalia, akanambia mlio unakuonyesha kile kipini cha ndani hakijaganda, basi, springi ikiwa legevu huwezi kuijua kwa mlio. Akanikataza pia kunyonya, yaani puliza tu usivute hata kidogo, maana ndani kunabaki mvuke wa mafuta na ule ni sumu.

Ya pili nilinunua 38,000 duka lingine na nilienda na kampira kangu mfukoni, nikaipima pale pale kaunta kabla ya kutoa hela, upande mmoja hewa inapita vizuri, upande wa pili inabana kweli kweli, nikalipa. Tulivyoifunga (msikaze kwa nguvu jamani, nyuzi za pale zikiharibika ni gharama nyingine) tukawasha gari, ikiwa sailensi fundi akawa anabinya na kuachia ule mpira wa manifodi, ukisikiliza vizuri unasikia valvu inagonga tak, tak. Ile ya kwanza haikufanya hivyo.

Sasa hivi nimeshatembea kilomita 3,000, sailensi imetulia na oili imeshuka kidogo sana, sijaongeza hata mara moja. Kwangu ilikuwa valvu kweli, ila kama gari yako inatoa moshi wa bluu ukikanyaga mafuta mwambie fundi apime na kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), ringi zikiisha hata valvu ya laki haitakusaidia.

Ile ya 15,000 muuzaji alikataa kuipokea, ikawa inakaa kwenye dashibodi, sasa jirani yangu anataka kununua valvu ya Vitz yake, nimempa hii aipulize kwanza aone mbovu inavyokuwa.