TAHADHARI kwa mnaotaka kwenda Krete, kile kisiwa cha Ugiriki, kupanda milima baridi hii

Jamani, mtanisamehe nikikosea herufi, mikono bado inatetemeka kwa hasira.

Tumelizwa. Mimi, Rehema, na yule mgeni wake mnayemjua. Euro 180 kila kichwa, tumemtumia kaka mmoja anayejiita mwongoza watalii huko Ugiriki, atushushe Korongo la Samaria Januari hii. Ati kipindi hiki hakuna watu, korongo zima lenu.

Na msiniulize nilimwaminije. Kiswahili chake cha Tanga, kimenyooka, kila neno "dada yangu", "inshallah". Sauti alizonitumia unasikia mpaka mbuzi wanalia nyuma! Njia anaijua: unaanzia Xyloskalo juu kule Omalos, mita 1,200 na ushee, unashuka kilomita 16 hadi Agia Roumeli pwani, halafu boti. Nilitazama ramani, yote kweli. Akatuchagulia hata viatu. Nani angeshtuka?

Siku ya siku, basi aliloahidi halipo. Tukakodi teksi toka mji wa Chania alfajiri, dereva anatuchungulia kwenye kioo, kimya. Kufika Omalos, theluji inafunika viatu, mlima Gingilos umemezwa na ukungu. Geti lina mnyororo na kufuli, na kufuli lenyewe limeshika barafu. Tumesimama pale kama mizigo iliyosahauliwa stendi. Napiga simu, inaita weee, haipokelewi. Natuma ujumbe, tiki mbili za bluu. Natuma wa pili, tiki moja, na picha yake imeshatoweka. Ndipo dereva akashusha kioo: pamefungwa, mpaka Mei.

Kumbe korongo lile kwa kawaida hufunguliwa Mei hadi mwisho wa Oktoba tu! Wakati wa baridi mto unafurika, mawe yanaporomoka toka juu. Yaani tungekuwa na ujeuri wa kuruka geti, leo mngekuwa mnachangishana kusafirisha maiti. Huyu si wa kuambiwa arudishe hela yaishe. Afungwe! Mtu anauza kifo kwa euro 180 halafu anakuita dada.

Haya, dalili, kwa wanaouliza. Akaunti ilikuwa na jina la mtu mwingine. Risiti "mtapewa huku huku". Anasema hakuna watu, hapo hapo anakuharakisha kwamba nafasi zinaisha. Na picha zake zote watu wako na kaptula, pale Portes kuta zinapobanana, maji hayafiki hata kifundo. Januari gani hiyo?

Ila nasema tena, afungwe. Rehema ameshaandikisha maelezo polisi Chania. Mwenye kutaka namba ya huyo tapeli na jina la akaunti aje inboksi. Na wewe uliyemwingiza kwenye kundi letu ukamsifia, unajijua, pokea simu yangu.