Majivu ya kuni kwenye stroberi: nayapa nyota nne, ila sio kwa kila udongo

Naanza na jibu kabisa maana wengi mnaouliza kama majivu ya kuni yanafaa kwa stroberi mna ndoo ya majivu tayari iko mlangoni. Yanafanya kazi. Ila yanafanya kazi kwenye udongo wa aina fulani, kwa kiasi kidogo, na uwe unajua unaupa mche kitu gani na kipi huupi, mana kuna watu wanamwaga majivu kama samadi afu wanasema stroberi ni zao gumu.

Mi nalima huku Lushoto milimani, udongo mwekundu, mvua nyingi, sehemu ambayo chai inakubali vizuri tu. Chai ikikubali ujue udongo una asidi. Stroberi yenyewe inapenda pH (kipimo cha asidi ya udongo, namba ikishuka asidi imezidi) ya 5.5 mpaka 6.5 hivi, ikishuka chini ya hapo mizizi inahangaika hata ukiweka mbolea ya bei gani. Sasa majivu ya kuni sehemu kubwa ni kalsiamu, yaani yanafanya kazi ileile ya chokaa ya kilimo, yanapunguza asidi, na juu yake yanakuja na potasiamu, kama asilimia 3 mpaka 7 kutegemea na mti uliochomwa, magnesiamu kiasi na fosforasi kidogo. Kwa udongo kama wangu hiyo ni faida mbili kwa mpigo mmoja, na stroberi ni mlaji mkubwa wa potashi, yaani hiyo potasiamu, hasa ikishaanza kubeba matunda.

Nilichokiona shambani ni hiki. Majani ya zamani yalikuwa yanaungua kwenye kingo, kahawia inaanzia pembeni inaingia ndani, wakati majani machanga yako salama kabisa, na hiyo ni dalili ya mche unaolia potasiamu. Kwenye matuta niliyoweka majivu majani yaliyofuata yalitoka mapana na kingo zake safi. Matunda nayo yamekaza kidogo, ukilishika halibonyei haraka, na kwa mtu anayeshusha mzigo kutoka milimani mpaka Mombo na zile kona zote hilo ni jambo kubwa sana kuliko hata utamu. Utamu naona umeongezeka ila jua nalo lilikuwa zuri kipindi hicho, kwa hiyo sitaki kuwapa majivu sifa zote.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya nitrojeni. Haimo kabisa. Kuni ikiungua nitrojeni inapaa na moshi, kinachobaki kwenye jiko ni madini tu, kwa hiyo mtu asikwambie majivu ni mbolea kamili. Samadi iliyoiva au mboji lazima iwepo, na hapo ndo kuna mtego wenyewe: usichanganye majivu na samadi mbichi au na mbolea za dukani za urea au SA (salfeti ya amonia) siku moja kwenye shimo moja. Majivu ni alkali kali, yaani kinyume cha asidi, yakikutana na hizo yanaigeuza nitrojeni kuwa gesi ya amonia, ile harufu inayochoma pua ndo hela yako inapaa hivyo. Acha zipite wiki mbili tatu kati ya kimoja na kingine.

Sasa majivu ya kutoka wapi. Bora kuliko yote kwangu ni ya jiko letu wenyewe la kuni, tunachoma muwati na matawi ya mgrivilea, yanatoka mepesi na meupe, ukisugua kwenye vidole yanateleza kama unga wa sembe. Miti migumu inatoa potasiamu zaidi kuliko misindano. Ya pili ni ya tanuri la mkate, hawa jamaa wanachoma magogo makubwa kila siku na wanakuuzia kiroba kwa bei chee mana kwao ni uchafu, ila chekecha kwanza na upitishe sumaku, mana wakichanganya na mbao za paleti unakuta misumari humo ndani na mbao nyingine zilishapakwa dawa au rangi. Mbao ya dawa au ya rangi majivu yake usiyapeleke kwenye kitu cha kuliwa, hapo sina mjadala. Ya mkaa wa kawaida yanafaa tu, ule ni mti uleule. Lakini huu mkaa mbadala mpya unaotengenezwa kwa makaa ya mawe hapana, majivu yake ni kitu kingine kabisa na yanaweza kuwa na metali zisizofaa. Ya banda la nyama choma nayo siyapendi, yana mafuta na chumvi, na stroberi haivumilii chumvi.

Kuna mifuko pia inauzwa kwenye duka moja la pembejeo, imeandikwa mbolea asilia ya majivu. Nilinunua. Yalikuwa na unyevu, yameshikana mabonge, na kwenye mfuko hakuna mahali wameandika yametokana na nini. Hilo limeniudhi kweli, kwa sababu potasiamu ya majivu inayeyuka kwenye maji haraka mno, majivu yakinyeshewa ile potashi imeshaondoka na unabaki umenunua chokaa kwa bei ya potashi. Mtu anayemuuzia mkulima kitu kama hicho anajua au hajui, vyote viwili ni vibaya. Siwezi kumshauri mtu.

Kiasi ndo pa kuwa makini. Gramu 50 mpaka 70 kwa mita moja ya mraba kwa mwaka mzima zinatosha, yaani konzi moja mpaka mbili. Tuta la upana wa mita moja na urefu wa mita kumi kopo la lita moja likijaa inatosha, usiongeze kwa huruma. Vizuri zaidi uyachanganye na udongo kabla ya kupanda, na kama miche imeshakaa basi nyunyiza kuzunguka mche ukiacha kama upana wa kiganja kutoka kwenye shina, fukia kidogo kwa mkono, mwagilia. Usiyaweke kwenye moyo wa mche pale majani yanapochipukia, yanaunguza. Na miche michanga iliyopandwa jana iache kwanza ishike.

Ukizidisha utaiona mapema kwenye majani machanga, yanakuwa ya njano mishipa ikibaki kijani. Hapo pH imepanda na mche unashindwa kuvuta chuma hata kama kimejaa ardhini, na kuishusha pH ni kazi ndefu kuliko kuipandisha.

Ndo mana ndugu zangu wa Arusha, hasa kuzunguka Meru, nawaomba mpime kwanza. Maji ya visima na mito mingi ya upande ule yana magadi na floraidi nyingi, ukimwagilia nayo pH inapanda yenyewe taratibu, sasa ukiongeza na majivu unaiua stroberi kwa mikono miwili. Kilichonifaa mimi hakitakufaa wewe. Udongo unapimwa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mlingano kule Muheza, chuo kikuu cha kilimo cha SUA Morogoro wanapima pia, na hata kile kipimo cha pH cha karatasi kinakupa mwanga.

Habari ya konokono kidogo. Ni kweli wanakwepa majivu makavu, lakini ukishamwagilia tu au umande ukishuka yamekwisha, wanapita juu yake bila shida. Na kupulizia majivu kwenye majani ili kuzuia ukungu wa kijivu mi sioni maana, tunda linachafuka, jani linafunikwa na ukungu bado unaingia. Tandaza nyasi kavu chini ya matunda na utoe yaliyooza kila ukichuma, inasaidia mara mia.

Kama nyumbani mnatumia gesi na huna majivu, nenda kwa wachoma mkate asubuhi kabla hawajamwaga nje, chukua yaliyopoa kabisa na uende na ndoo yenye mfuniko, sio kiroba, kwa mvua za huku kiroba kitakufikisha nyumbani na uji.