Dalali wa Dodoma, dalali wa Mwanza, na hela yangu

Nianze na alama za madalali wa nyumba walionizungusha: dalali wa Mwanza nampa nyota nne kati ya tano, wa Dodoma nyota tatu, na bado nimehamia Dodoma.

Watu wanaotaka kuhama mji huwa wanaulizana bei ya chakula, joto, na kama kuna viwanja vya kutoka Ijumaa. Hayo unaweza kuyapata kwa shangazi yako kwa simu. Mimi nashauri umlipe dalali akuzungushe siku nzima, hata kama hujaamua. Utaona mji kwa nyuma, upande wa jikoni na chooni, na utasikia ni swali gani linalomfanya ajibu harakaharaka.

Hali yangu ni hii. Natengeneza mifumo ya mahesabu kwa kampuni ndogo, nafanyia kazi nyumbani, na ofisi yetu ya Dar haijali niko mkoa gani mradi intaneti ipo na umeme upo. Sinza nilikuwa nalipa laki tatu na nusu kwa chumba na sebule, dirisha likitazama spika za baa. Arusha niliifuta mapema. Mitaa niliyoitaka inagombewa na watu wa utalii na watumishi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mfuko wangu hauwezi ligi hiyo. Zikabaki Dodoma na Mwanza.

Dalali wa Dodoma nilielekezwa na dereva wa bodaboda niliposhuka treni. Kijana wa rika langu, shati limenyooshwa, simu mbili. Bei alizitaja kabla hatujaondoka: elfu ishirini ya kuzungushwa, nipate nisipate, na nikipata nyumba, kodi ya mwezi mmoja ni yake. Hakuongeza hata mia njiani. Aliyewahi kuzungushwa Dar na mtu ambaye kila geti lina elfu tano yake ataelewa kwa nini nalitaja hili kama sifa.

Kingine nilichompendea ni kwamba aliuliza kazi yangu iko wapi kabla ya kuuliza bajeti. Kwa Dodoma hilo ndilo swali la kwanza. Mtumishi wa wizara anayekwenda Mtumba kila asubuhi, huko Mji wa Serikali njia ya kwenda Dar, hatafuti nyumba anapotafuta mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Nilipomwambia nashinda nyumbani, akasema, "Basi dada tuachane na Ilazo na Kisasa, kule utalipia ukaribu usiouhitaji." Dalali anayekutoa kwenye nyumba ya bei kubwa ilhali kamisheni yake inategemea kodi hiyo hiyo, huyo ni wa kutunza namba yake. Tukaenda Nkuhungu, kisha Miyuji.

Nyumba nyingi zilikuwa mpya, rangi bado inanuka. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ni wa 1973, lakini watu walianza kumwaga zege kwa kasi baada ya 2016, serikali ilipotangaza kwamba sasa inahama kweli. Faida yake kwa mpangaji ni kwamba mwenye nyumba aliyemaliza kujenga juzi ana deni la mabati na anahitaji mtu ndani. Unaweza kuomba kulipa miezi mitatu na usifukuzwe getini. Dar nimeshawahi kuomba hivyo nikaulizwa kama nimetumwa.

Sasa tuje kwenye nyota alizopoteza.

Nyumba ya kwanza niliuliza maji. "Maji yapo dada." Ya pili, "Maji hapa hayana shida kabisa." Ya tatu nikafungua bomba la jikoni mwenyewe. Likakohoa, likatema hewa, likanyamaza. "Leo siyo zamu," akasema. Zamu ni lini? Akamtazama mama mwenye nyumba, mama naye akaangalia simtanki. Dodoma ni eneo kame. Mvua ni kati ya Desemba na Aprili, baada ya hapo ni jua na upepo hadi mwaka unakwisha, na mji umekuwa ukinywa zaidi visima vya Mzakwe kule Makutupora. Watu wameongezeka, kwa hiyo maji yanakuja kwa zamu, mtaa huu leo, ule kesho. Siyo siri. Ndoo zimepangwa uani kila nyumba, na muuza genge wa pale nje alinitajia siku za mtaa wake bila kuuza hata nyanya. Kinachoudhi ni kulipa elfu ishirini ufichwe jambo analolijua muuza genge.

La pili lilikuwa luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Nyumba niliyoipenda Miyuji, masta na sebule na jiko, laki moja na themanini, ilikuwa na luku moja kwa wapangaji watatu. "Mnachangia tu, watu wenyewe wastaarabu." Ustaarabu siyo hoja. Mita ikiwa kwenye daraja la matumizi madogo, yaani isiyozidi yuniti 75 kwa mwezi, elfu kumi inakupa yuniti themanini na kitu. Wapangaji watatu wenye friji mbili na pasi mnavuka 75 bila hata kujitahidi, mnahamishiwa daraja la juu, na elfu kumi ile ile inaleta yuniti 28. Hapo bado yale manunuzi ya kwanza ya mwezi hayajakatwa 1,500 ya kodi ya jengo, ambayo ni deni la mwenye nyumba lakini inamkuta mpangaji kwa sababu yeye ndiye mwenye kuingiza tokeni. Nilipiga hesabu hiyo kwenye simu pale pale ukumbini. Dalali akaniuliza, "Dada, wewe ni wa TRA?"

Mwanza mambo yalikuwa shaghalabaghala. Dalali ni mzee wa kofia, ana kitochi, alichelewa saa nzima, na kwamba bodaboda zote mbili, ya kwangu na ya kwake, ningezilipia mimi alikumbuka kuniambia tulipokwisha panda. Nyumba kadhaa alizozisifia kwenye simu zilikuwa na wapangaji tayari. Moja mpangaji alitufungulia mlango na taulo.

Nyota nne nampa kwa yaliyotokea Mabatini. Tuliacha pikipiki chini tukapanda kwa miguu, ngazi zimepita katikati ya majabali, nyingine za saruji, nyingine ni jiwe tu lililokubali kukanyagwa. Katikati ya safari mzee akaketi, akavua kofia, akaanza kusema kabla sijauliza kitu. "Mama, maji huku yanapanda usiku. Mchana presha haifiki. Gesi ikiisha utamlipa mtu akubebee, kitanda utamlipa mtu, friji watu wawili. Ukiumwa saa nane za usiku ujue nani atakubeba." Tukamalizia kupanda. Nyumba ilikuwa safi, laki moja na nusu, na ukifungua dirisha la sebule ziwa lote liko mbele yako na boti za wavuvi juu yake. Nilishaanza kutafuta pochi. Mzee akasema wengi wanalipia dirisha hilo, mwezi wa tatu wanampigia awatafutie tambarare ya Buhongwa. Alikuwa anajinyima kamisheni ya siku hiyo kwa maneno yake mwenyewe. Elfu kumi na tano yake ya kuzungusha ningempa tena kesho.

Kwa nini sasa siko Mwanza? Mama yangu yuko Dar na ana presha. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, nauli ya daraja la kawaida ilianza na 31,000, na safari ni ya saa tatu na nusu hadi nne. Nikipigiwa simu asubuhi, mchana niko kwake. Kutoka Mwanza ni basi la kilomita zaidi ya elfu moja, au ndege ambayo bei yake hujui hadi siku unayoihitaji. Halafu wateja wangu wengi ni wakandarasi wanaofuata zabuni, na zabuni zimeshahamia Dodoma kabla yangu. Shida ya maji nimeinunulia simtanki. Umbali wa kutoka Mwanza sijaona duka linalouza dawa yake. Kama huna mgonjwa Dar na miguu yako ni mizima, huenda hesabu yako ikaangukia ziwani, na sitabishana nawe. Sato wa Mwanza nimemkumbuka mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, huku nikila zabibu za msimu pale soko la Majengo.

Nilichopata mwishowe ni Nkuhungu, laki moja na sabini, luku ya peke yangu, miezi mitatu mitatu, na simtanki ya lita 1,000 juu ya mnara wa matofali. Vumbi la Agosti linaingia hata kwenye keyboard, fundi wa pazia amepata kazi kwangu.

Kijana wa Dodoma mtumie, ila maji muulize jirani na bomba lifungue mwenyewe. Mwambie mapema kwamba mita ya kuchangia hutaki, ataziruka nyumba hizo bila ubishi. Na mkataba uandikwe ile 1,500 ya kodi ya jengo inarudije kwako. Mimi mwenye nyumba alikubali ipunguzwe kwenye kodi ya awamu inayofuata, 4,500 kila miezi mitatu, na tukasaini wote. Dalali alishuhudia, akachukua mwezi wake taslimu, na nilipomwomba risiti akaniandikia nyuma ya kadi yake ya biashara.